Diski ya kununua kwanza: Simfoni ya Pili ya Casella, rekodi ya Roma

Kwa anayetaka diski moja tu ya mtunzi Mtaliano Alfredo Casella, jibu letu ni fupi: achukue Simfoni ya Pili iliyopigwa na Orchestra Sinfonica di Roma, kondakta Francesco La Vecchia, iliyotolewa na lebo ya Naxos. Haina usafi wa ile rekodi nyingine tutakayoitaja mbele, na kuna mahali vayolini zake zinakonda. Lakini uzito wa kazi yenyewe umo, bei yake haiumizi, na unaweza kuipakua ukiwa Makete au Tukuyu bila kusubiri mtu atoke Dar.

Casella alizaliwa Torino mwaka 1883. Iringa hawahitaji kuelekezwa Torino ni wapi, maana wamisionari wa Consolata waliofika huku mwaka 1919 na kuifanya Tosamaganga kituo chao ni shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na Giuseppe Allamano. Mwaka 1896, akiwa na miaka 13, kijana huyu alipelekwa kusoma muziki Paris. Huko alikuwa mwanafunzi wa Gabriel Fauré, na hakurudi kuishi Italia hadi mwaka 1915. Simfoni zake mbili za kwanza ni kazi za miaka hiyo ya Paris. Ya Pili ilipigwa mwaka 1910, kisha ikakaa karne nzima bila kurekodiwa. Mwaka 2010 zikatoka rekodi mbili karibu kwa pamoja: hii ya Roma, na ya okestra ya BBC Philharmonic chini ya kondakta Gianandrea Noseda, lebo ya Chandos.

Sababu za kusahauliwa si ngumu kuziona. Italia ya wakati ule ilikuwa nchi ya opera. Mtunzi wa simfoni alionekana kama mtu aliyepotea njia. Halafu Casella mwenyewe alibadilisha mtindo, akafuata usasa, baadaye akageukia muziki mwepesi wa mistari iliyo wazi uliochota kwa mabwana wa zamani wa Italia. Hizi simfoni nene za ujanani alizipita. Na liko jambo la siasa, ambalo tutalieleza kwa kituo, kwa sababu msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulijua kabla hajatoa pesa.

Tuingie kwenye muziki. Simfoni ya Pili iko katika C maina (C minor), ni opus ya 12, yaani namba yake kati ya kazi za mtunzi, na inachukua takriban dakika 50. Mwanzo wake umeandikwa Lento, grave, solenne: polepole, kwa uzito, kwa heshima. Kengele zinalia, besi zinatembea chini kama watu waliobeba jeneza, na vyombo vya shaba vinaingia juu yake kwa mdundo uliokatika. Anayemjua mtunzi Gustav Mahler atatambua mara moja nyayo za nani hizi. Casella alimpenda Mahler kupita kiasi, na Aprili ya mwaka huohuo wa 1910 alishughulika kumleta Paris aongoze Simfoni yake ya Pili, nayo ya C maina. Lakini Casella si mwigaji. Pindi mwendo wa kasi unapoanza, Allegro energico, kuna ukali na rangi ya mtu aliyesikiliza sana Warusi, na mistari ya shaba imeandikwa kwa namna ambayo kila chombo kinasikika na kazi yake.

Hapo ndipo tunapowataja wapiga matarumbeta. Huku kwetu bendi za shaba za Kilutheri na za Kimoraviani si kitu cha kigeni: kuna vijana wanaojua tromboni inavyoshika sauti ya tatu wakati tarumbeta imebeba wimbo, na wanajua uchungu wa kushika noti ndefu pumzi ikiwa imeisha. Waisikilize sehemu hii ya kwanza kwa kufuata tromboni na tuba peke yake, wakiacha kila kitu kingine. Okestra ya Roma ina shaba imara kuliko nyuzi zake. Pale ambapo shaba inatakiwa kupiga kwa sauti ndogo lakini nzito, hawakimbilii kuongeza nguvu. Wanashika, na pumzi zinapishana kiasi kwamba hausikii nani ameacha na nani ameingia. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote katika upigaji wa pamoja, na bendi nyingi za kwetu huanguka hapo: wote huvuta pumzi mwisho wa mstari, na sauti inakatika kama imekatwa kwa panga. Kwa atakayetaka kupiga sambamba na rekodi: tarumbeta ya B bemoli, C maina ya okestra inakuwa D maina kwenye noti zako. Na ukipiga asubuhi ya baridi ya Makete, pasha chombo joto kwanza kwa kupuliza hewa tupu dakika kadhaa, maana shaba baridi hushuka sauti na utadhani rekodi ndiyo imepanda.

Sehemu ya pili, Scherzo, ni ya kasi na inazunguka kama ngoma za kusini mwa Italia. Tutaipita haraka, inapendeza, na La Vecchia anaiendesha kwa uzito kidogo kuliko inavyotaka.

Sehemu ya tatu ni Adagio, yaani ya mwendo wa polepole, na hapa ndipo penye mtego kwa mnunuzi. Adagio hii Casella aliitoa katika Simfoni yake ya Kwanza ya miaka ya 1905 na 1906, akaipanga upya vyombo na kuihamishia hapa. Ukinunua diski zote mbili kwa mpigo utasikia wimbo uleule mara mbili, na wapo watakaolalamika kwamba wameuziwa kitu kimoja kwa bei mbili. Si kasoro ya lebo. Mtunzi aliona Simfoni ya Kwanza haitakwenda mbali, akaokoa kilicho bora ndani yake. Na kweli ni bora: wimbo mrefu wa nyuzi unaopanda polepole, unaorudi nyuma kila ukikaribia kilele, mpaka mara ya mwisho unapofika. Tatizo la Roma ni kwamba vayolini, wimbo unapofika juu, hazina mafuta ya kutosha. Sauti inabaki nyembamba pale inapotakiwa kujaa chumba. Noseda hapo anashinda bila ubishi.

Kisha mwisho: maandamano yenye mdundo mkali, halafu Epilogo, yaani hitimisho, iliyoandikwa Adagio mistico. Kimpangilio ni sehemu moja, maandamano yanamwagikia ndani ya Epilogo bila kituo. Kama Epilogo imekatwa kuwa faili ya peke yake, programu nyingi za simu huweka kimya kifupi kati ya faili na faili, na kimya hicho kinaharibu mahali muhimu kuliko pote katika simfoni nzima. Ingia kwenye mipangilio ya programu, tafuta sehemu ya uchezaji, zima pengo kati ya nyimbo na zima pia ule mtindo wa kufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine. Ukiacha kufifisha kukiwa kumewashwa ni mbaya zaidi, kwa sababu programu itaanza kupunguza sauti ya maandamano pale hasa yanapokusanya nguvu.

Kuhusu Noseda tuseme haki yake. BBC Philharmonic ni okestra safi zaidi, kurekodi kwa Chandos kuna nafasi pana, na mwendo wake ni wa haraka kidogo kwa hiyo simfoni haichoshi. Diski yake inakamilishwa na Scarlattiana ya mwaka 1926, kazi ya piano na vyombo 32 iliyoshonwa kwa vipande vya mtunzi wa zamani Domenico Scarlatti, muziki wa furaha unaomfaa hata mtoto. Diski ya Roma inakamilishwa na A notte alta, ya piano na okestra, ya giza na ya polepole, ambayo haimshiki msikilizaji siku ya kwanza. Kwa nini basi tunasema Roma kwanza? Kwa sababu ya uzito wa ile hatua ya mwanzo. Noseda anaipiga kama utangulizi wa jambo litakalokuja. La Vecchia anaipiga kama jambo lenyewe, na dakika 50 zote zinakaa juu ya msingi huo. Mwenye uwezo anunue zote mbili. Mwenye uwezo wa moja, na aliyezoea spika safi na nyuzi tamu, hatujakataa akianza na Noseda.

Sasa usikilizaji, kwa maana wengi huhukumu muziki huu vibaya kwa sababu ya kifaa.

Spika ya simu haifai kabisa. Haitoi sauti za chini, na simfoni hii imeanza chini. Utasikia kengele na mikwaruzo, besi zote zitakuwa zimepotea, na utasema muziki hauna kitu. Visikilizio vya waya vya kawaida vinatosha kuanzia. Kwa sabufa, ambayo ndiyo iliyo sebuleni kwa watu wengi, kosa ni kinyume chake: watu huweka kitufe cha besi mwisho kwa ajili ya bongofleva na singeli. Kwa okestra, rudisha besi chini ya nusu, treble katikati, na zima kitufe chochote kinachoongeza mshindo. Besi ikizidi, cello na tuba zinakuwa uji mmoja, na ngoma za timpani zinafunika kila kitu kwa muda mrefu kuliko zilivyopigwa. Kama sabufa imekaa kwenye kona ya ukuta, ivute mbele mita moja hivi. Kona yenyewe huongeza besi hata kabla hujagusa kitufe.

Sauti nayo ina utaratibu wake. Rekodi ya namna hii haijabanwa kama nyimbo za redio. Inaanza ndogo sana na inafika kubwa sana, na ndivyo inavyotakiwa. Msikilizaji anaanza, hasikii kitu, anapandisha. Dakika chache baadaye okestra nzima inalipuka, spika inakwaruza, anashusha. Anatumia saa nzima mkono ukiwa kwenye kitufe. Fanya hivi: kabla ya kuanza, ruka hadi mwisho wa sehemu ya kwanza, pale okestra yote inapopiga kwa nguvu. Weka sauti iwe kubwa kiasi unachoweza kuvumilia bila spika kukwaruza. Kisha rudi mwanzo, na usiguse tena. Mwanzo utakuwa mdogo, lakini utakuwepo.

Halafu bati. Mvua ya Tukuyu juu ya bati lisilo na dari humaliza kila kitu kilichoandikwa kwa sauti ndogo, na Adagio nusu yake ni sauti ndogo. Msimu wa masika subiri mvua ikatike au tumia visikilizio vinavyofunika sikio lote. Kuongeza sauti kushindana na mvua ni kurudi kwenye tatizo la spika kukwaruza.

Kuhusu bando, hesabu ni hizi. Kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja ni karibu MB 1, kwa hiyo simfoni nzima ni kama MB 48 hadi 50. Kwa 320, ni karibu MB 120. Kwa FLAC, aina ya faili ambayo haipotezi kitu, tarajia kati ya MB 250 na 300 kwa simfoni peke yake. Pendekezo letu ni 320 kwa simu na kwa sabufa. Chini ya hapo, kwenye 128, kinachoharibika kwanza ni matoazi na vayolini za juu: zinatoa sauti ya maji yanayozunguka, na kwa rekodi hii ambayo vayolini zake tayari ni nyembamba, huwezi kuipunguzia zaidi. FLAC ina faida kwa mwenye vifaa vizuri na kwa anayetaka nakala ya kudumu. Redio nyingi za magari husoma flashi yenye MP3 tu. Ukiweka FLAC itaandika kwamba hakuna faili. Badilisha kuwa MP3 ya 320, na hakikisha flashi imefomatiwa kwa FAT32.

Katika kutafuta, usiandike "simfoni ya Casella" ukategemea bahati. Andika Casella La Vecchia, au Casella Noseda, kisha angalia opus 12. Baadhi ya programu katika toleo la bure huchanganya mpangilio wa vipande, na simfoni iliyochanganywa haina maana, ni kama kuanza mahubiri katikati. Pakua kwa kununua, au tumia toleo linalokuruhusu kufuata mpangilio. Diski halisi ikiagizwa kwa posta, kinachovunjika ni kasha, mara chache diski yenyewe. Ikifika, ikopi kwenye kompyuta siku hiyohiyo. Kompyuta mpakato nyingi za sasa hazina sehemu ya kuingizia CD, kwa hiyo itabidi utafute ya nje ya kuchomeka. Naxos tangu ilipoanzishwa Hong Kong mwaka 1987 imejengwa juu ya bei ya chini, kwa hiyo tofauti ya gharama kati yake na Chandos utaiona.

Diski nyingine za mfululizo huu wa Roma: ile ya Simfoni ya Kwanza tunaiweka mwisho, kwa sababu tuliyoieleza, ingawa imeambatana na Konsati (concerto) ya nyuzi, piano, timpani na ngoma ya mwaka 1943, ambayo ni kazi kavu na nzuri. Ya kununua pili ni ile yenye Simfoni ya Tatu, opus 63. Iliandikwa kwa ajili ya miaka 50 ya okestra ya Chicago na ikapigwa huko mwaka 1941. Miaka 30 imepita kati yake na Ya Pili na mtu amebadilika: mistari imefunguka, vyombo vimepungua unene, Scherzo ni nzito na yenye kejeli. Diski hiyohiyo ina Elegia eroica ya mwaka 1916, kwa ajili ya askari aliyekufa vitani. Ni muziki mkali, noti zinagongana kwa makusudi, na ilipopigwa Roma mwanzoni mwa 1917 ilizua zogo ukumbini. Mwisho wake wimbo wa taifa wa Italia unapita kwa mbali, umegeuzwa kuwa bembelezo la mtoto. Sauti ni ndogo mno. Hapo bati lolote ni adui.

Tulisema tutarudi kwenye siasa. Mwaka 1937 Casella alitoa Florence opera iitwayo Il deserto tentato, kazi ya kuutukuza uvamizi wa Italia nchini Ethiopia, akaitoa kwa heshima ya Mussolini. Haimo kwenye diski hizi, na simfoni mbili za kwanza ziliandikwa zaidi ya miaka 25 kabla yake. Lakini Iringa ni nchi ya Mkwawa, fuvu lake liko Kalenga baada ya kurudishwa mwaka 1954, na hatuwezi kumsifu mtunzi huyu kwa wasomaji wa hapa tukakaa kimya juu ya jambo hilo. Uvamizi ule uliua watu kwa gesi ya sumu. Mke wa Casella, Yvonne, alikuwa wa asili ya Kiyahudi, na Wajerumani walipoikalia Roma familia yake iliishi kwa hofu. Kazi yake kubwa ya mwisho, ya mwaka 1944, ni misa ya kuombea amani. Kila mmoja atapima mwenyewe. Sisi tunaona rekodi hizi zinastahili kusikilizwa, na Il deserto tentato inastahili kukumbukwa kwa jina lake.

Walimu wa kwaya wana sababu yao ya ziada ya kumjua. Septemba 1939 huko Siena, Casella aliandaa wiki ya muziki wa Antonio Vivaldi iliyorudisha Gloria yake kwa wasikilizaji baada ya kulala karibu miaka 200. Kila kwaya inayoimba Gloria hiyo leo inavuna alichopanda.

Okestra yenyewe ya Roma haipo tena. Ilianzishwa mwaka 2002 ikitegemea fedha za taasisi ya Fondazione Roma, ikafungwa mwaka 2014. Katika miaka hiyo michache ilirekodi pia kazi za watunzi wengine Wataliano: Malipiero, Martucci, Petrassi, Ghedini na Sgambati.

Kwa bendi inayotaka kuitumia kwenye mazoezi: msipige dakika zote 50, vijana watachoka. Pigeni dakika tano za mwanzo, mara mbili. Mara ya kwanza wote wasikilize, mara ya pili kila mmoja anyooshe mkono anaposikia chombo chake kinaingia. Tromboni watanyoosha kwa kuchelewa mara ya kwanza. Rudieni hapohapo hadi mikono ipande pamoja na sauti.